Bolti Kwenye Pindo la Sketi

Wiki iliyopita nilikuwa saluni hapa Bungoma, nimekaa chini ya mashine ya kukausha nywele, wakati msichana wa kiti cha pili alipoanza kufutwa rangi ya kucha. Ile dawa ilipofunguliwa tu, nikajitoa chini ya mashine. Msusi akaniuliza kama mashine imezidi moto. Nikamwambia hapana, anizimie tu kidogo nipate hewa, nikatoka nikasimama nje na taulo mabegani.

Ni harufu kali, yenye utamu kidogo, inayofika machoni kabla ya kufika puani. Ndiyo iliyokuwa nyumbani kwetu Kitale, kwenye nguo, kwenye mito, hata kwenye ugali, mwaka ule mama yangu alipojenga ndege.

Najua anayesoma anaweza kudhani nasema ndege ya kuchezea. Ilikuwa ndege ya kweli, ya watu wawili, yenye injini na mabawa marefu kuliko nyumba yetu. Ilikuja ikiwa vipande ndani ya makreti ya mbao, pamoja na kitabu kinene cha maelekezo ya kuiunga. Mkulima mmoja aliyekuwa akihama Trans-Nzoia alimwachia baba yangu makreti hayo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekata tamaa. Baba alikuwa fundi wa trekta. Aliyapanga ndani ya ghala tuliloweka mahindi, akaanza kuunga mbavu za bawa moja baada ya nyingine kila Jumapili baada ya kanisa. Alifika bawa la pili, figo zikamshinda.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa darasa la pili, ndio kwanza nimejua kusoma, na nilisoma kila kitu kilichokuwa mbele yangu: magunia ya mbolea, mifuko ya unga, makaratasi yaliyookotwa. Kwa hiyo nilisoma pia maneno yaliyopakwa kwa rangi nyeupe kwenye msalaba wa baba. Niliyasoma silabi kwa silabi, kwa sauti, mbele ya wageni: pu-m-zi-ka kwa a-ma-ni. Shangazi mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja. Mchungaji naye alikuwa amesema kwamba baba amepumzika juu kwa Mungu. Na waliokuja baadaye na sukari na majani ya chai walikaa sebuleni wakasema hivyohivyo, amepumzika, amepumzika. Basi nikajua neno hilo lina maana gani. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba hakuna mtu mzima aliyekaa na mtoto akamweleza kifo. Tuliokota maneno tukajiunganishia wenyewe.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walivaa mishono yake. Baada ya arobaini aliingia ghalani asubuhi, akakaa humo mpaka saa sita, akatoka na kile kitabu cha maelekezo chini ya kwapa. Nadhani wengi walidhani ameingia kulia. Alinitazama akasema, "Nanjala, unajua mabawa ya ndege yanavishwa kitambaa?"

Sikujua.

"Kitambaa," akasema tena, kama mtu aliyetukanwa. "Kinashonwa na sindano. Kinapigwa pasi. Huyu mwanamume amekaa na mimi miaka yote na hajawahi kuniambia."

Ndivyo ilivyoanza. Kazi ya chuma alimwachia Barasa, rafiki ya baba, ambaye ujanani aliwahi kutengeneza ndege ndogo za kunyunyiza dawa mashambani. Barasa alikuwa mtu wa Malakisi, mrefu, mpole, na r na l zilikuwa zikibadilishana viti mdomoni mwake. Alikuja kila Jumamosi asubuhi, akavua viatu mlangoni mwa ghala kana kwamba anaingia nyumba ya mtu, akasema, "Shemeji, habali ya wiki?" kisha hakusema tena mpaka chai.

Mimi nilikuwa na kazi yangu, na niliipenda kuliko kitu chochote. Kitambaa kilipokwisha kuvutwa juu ya bawa na kupigwa pasi kikakaza kama ngozi ya ngoma, kilitakiwa kushonwa kwenye kila ubavu. Mama alikaa juu kwenye stuli, mimi nikalala chini juu ya gunia. Alichoma sindano ndefu ya kiganja na nusu, ikatokea upande wangu, nami nikairudisha kwenye tundu alilochora kwa chaki. Jua lilipita kwenye kitambaa likawa na rangi ya maziwa. Nilimwona mama kama kivuli tu, mkono unakwenda na kurudi. Tulifanya hivyo wiki nyingi, bila kuzungumza sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mimi kulala usiku bila kuota.

Halafu ikaja siku ya kupaka ile dawa yenye harufu, ya kuziba vitundu vya kitambaa. Madirisha yote yalikuwa wazi. Mama alikuwa amejifunga leso puani, macho mekundu. Barasa alimwambia apunguze mwendo, atazimia.

"Nimalize tu," mama akasema. "Ndege hii ikiisha, Barasa, nitapumzika."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Barasa aliitikia, "Ni kweri, shemeji," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilitua chupa chini. Nakumbuka niliitua polepole ili isivunjike, kwa sababu nilihisi kuna kitu kingine kilichokuwa kimevunjika tayari. Kila kitu kilipangika kichwani mwangu kwa haraka ya kutisha. Baba alikuwa juu, mchungaji ndiye aliyesema. Ndege huenda juu. Ndege ilikuwa na viti viwili tu, na nilikuwa nimeshavikalia vyote viwili nikaona miguu yangu haifiki popote, kwa hiyo havikuwa vyangu. Kimoja cha mama na kimoja cha baba. Naye alikuwa amesema kwa mdomo wake, tena mbele ya shahidi: ikiisha atapumzika.

Basi isiishe.

Mwanzoni nilijaribu vitu vya kitoto. Nilificha chaki. Nilijifanya naumwa tumbo siku za Jumamosi. Nilimwaga kikombe cha ile dawa, nikachapwa. Kazi ikaendelea. Mabawa yakaungwa kwenye mwili, injini ikafungwa, mkia ukasimama. Kila jioni baada ya shule nilipita ghalani kuona kilichobaki, na kila jioni kilichobaki kilikuwa kidogo zaidi. Nilianza kula chakula changu polepole, nikimkodolea mama macho, nikihesabu vidole vyake, nikijifunza alama iliyokuwa shingoni mwake nisije nikaisahau. Aliniuliza, "Una nini wewe?" Nikasema sina kitu.

Jumamosi moja Barasa aliunga waya unaotoka kwenye fimbo ya rubani mpaka kwenye kile kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Nilimwona akivuta fimbo na kule nyuma mkia ukiinuka, mama akipiga makofi. Barasa alitia bolti ya mwisho, akazungusha nati yake, akapangusa mikono. Alikuwa na haraka siku hiyo kwa sababu mkewe alikuwa amempigia simu mara tatu. Walipokwenda kunywa chai nilijipenyeza chini ya mkia. Sikuhitaji spana. Nati ilizunguka kwa vidole vyangu tu, laini, kama kifuniko cha chupa. Bolti ikateleza ikaanguka kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, baridi.

Mtoto wa fundi cherehani anajua mahali pa kuficha kitu. Nilifumua pindo la sketi yangu ya shule sentimita chache, nikaiingiza bolti na nati yake, nikashona. Toka siku hiyo kila nilipotembea ilinigonga gotini. Darasani iligonga mguu wa dawati. Nilikuwa na hakika shule nzima inaisikia.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kuitoa ndege nje kwa mara ya kwanza na kuwasha injini. Mama aliamka mapema. Kabla ya kuisukuma alipanda kitini akavuta fimbo, kwa furaha tu nadhani, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akaivuta tena. Akageuka kuangalia nyuma. Mkia ulikuwa umelala.

Alishuka. Akapiga magoti chini ya mkia, akakaa hapo muda mrefu. Aliposimama uso wake ulikuwa umesawijika.

"Barasa. Njoo uone."

Barasa aliinama akaona waya ulioning'inia. Akapapasa chini, akatafuta kwenye vumbi, akafungua kopo la bolti akalimwaga juu ya gunia, akazihesabu mara mbili.

"Nilifunga, shemeji," akasema. "Hii mikono ndiyo ilifunga."

"Iko wapi?"

"Sijui iko wapi. Lakini nilifunga."

"Barasa, huo ndio waya unaoshika ndege isitumbukie pua kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Najua."

"Mimi nina mtoto mmoja. Ana mzazi mmoja." Sauti ya mama haikupanda, ilishuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kama mawazo yako yako Malakisi, ungeniambia. Ningengoja. Lakini usinichimbie shimo halafu uniambie ulifunga."

Barasa alinitazama mimi kwa bahati tu, jinsi mtu anavyotafuta mahali pa kuweka macho, na mimi nikashika pindo la sketi. Kisha alipangusa spana zake moja moja kwa kitambaa, akazipanga kwenye mfuko, akaenda mlangoni akavaa viatu. Alichukua muda kufunga kamba.

"Malafiki tuliokula na baba yake huyu mtoto si wengi," akasema bila kugeuka. "Singeweza kuwafanyia hivyo." Akaondoka.

Nilidhani nimeshinda. Fundi ameondoka, ndege haitaisha. Lakini mchana huohuo mama alitoa bolti nyingine kwenye pakiti ya akiba, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye picha, akaanza kufunga mwenyewe. Siku zile zilizofuata hakushona sare hata moja. Wazazi walikuja kuuliza nguo za watoto wao, akawajibu kupitia dirishani. Alikuwa akizungumza na kitabu. Ijumaa alipokuwa akinipakulia githeri alisema kwamba kesho asubuhi ataitoa nje, awashe injini, aitembeze kidogo shambani.

"Na nani?" nikauliza.

"Na mimi."

"Nani ataangalia kama imefungwa vizuri?"

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. Nikaona kwamba aliogopa, na nilikuwa sijawahi kumwona mama akiogopa, hata siku ile ya kaburi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja kati ya yote niliyokuwa nimeyaelewa vibaya: nilikuwa nimemfukuza mtu wa pekee aliyekuwa akimkagua.

Nilikwenda kwenye cherehani nikachukua mkasi wa kitambaa, ule ambao sikuruhusiwa hata kuugusa. Nikafumua pindo. Nikarudi jikoni nikaweka bolti na nati mezani, kando ya sahani yake.

Mama aliitazama. Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Nilisubiri kofi. Nililitaka, kwa kweli.

"Uliipata wapi?"

"Niliifungua mimi."

"Kwa nini?"

"Sitaki upumzike."

"Nisifanye nini?"

"Ulisema ndege ikiisha utapumzika. Kama Baba." Nikaanza kulia na maneno yakatoka yakiwa yamevunjikavunjika. "Viti ni viwili tu. Mimi utaniacha na nani?"

Mama alikaa chini, sakafuni, pale pale alipokuwa, na mgongo wake ukagonga kabati vikombe vikalia. Halafu akanivuta akanikalisha mapajani, na mimi nilikuwa mkubwa mno kwa kukalishwa hivyo, miguu ikaburura.

"Kulala," akasema. "Nilimaanisha kulala, Nanjala. Kuketi kitini jioni, niweke miguu juu. Basi." Baada ya kitambo akasema, "Na mimi siendi kwa Baba. Ndege haifiki huko. Hakuna inayofika."

Tulikaa hivyo mpaka githeri ikapoa. Asubuhi hakuitoa ndege. Aliifunika injini kwa turubai, akanivalisha nguo ya kanisani, tukaenda Malakisi.

Tulimkuta Barasa kwenye banda la kukaushia tumbaku, akitundika majani kwenye fito. Alishuka, akatusalimia kwa adabu, akamwita mkewe alete viti. Mama alikataa kuketi.

"Mtoto ana neno," akasema, akanisukuma kwa kiganja katikati ya mabega.

Nilisema. Sijui nilisemaje. Nilikuwa nikitazama vidole vya miguu yake, vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Nilipomaliza, mama akasema, "Na mimi nina langu. Nilikuambia unanichimbia shimo, na wewe ni ndugu. Nisamehe, shemeji."

Barasa alichuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Ulitumia spana gani?"

"Sikutumia."

"Koleo?"

"Nilitumia vidole."

"Hivi vidole?" Akavishika. Akavibonyeza kimoja kimoja, kwa makini, kana kwamba anatafuta ufa. Kisha akasimama akamgeukia mama, na alikuwa na uso ule ule mama aliokuwa nao chini ya mkia.

"Shemeji, basi sikukaza," akasema. "Nilitia kwa mkono nikasema nitarudi na spana na pini ya kufungia. Halafu simu ikalia. Sikurudi." Akameza mate. "Bolti inayofunguliwa na mtoto, injini ingeifungua yenyewe kwa mtetemo. Labda mkiwa juu."

Mkewe alikuwa amesimama na viti mikononi.

"Na kama nimesahau hiyo moja," Barasa akasema, "zingine je?"

Jumatatu alikuja, hakungoja Jumamosi. Waliifungua ndege yote, bolti kwa bolti, kutoka puani mpaka mkiani. Sheria ikawa mpya: Barasa akifunga, mama anakagua, mama akifunga, Barasa anakagua, na mimi napaka tone la rangi nyekundu pale tu wote wawili wamesema ndiyo. Walikuta nyingine mbili zilizolegea. Moja ilikuwa kwenye bawa. Barasa alipoikuta alitoka nje akaenda kusimama kwenye mahindi peke yake, na mama akaniambia nisimfuate.

Ilichukua miezi. Mkaguzi wa serikali alikuja, akaandika, akarudi tena. Ndege ikabebwa juu ya tela mpaka shamba moja upande wa Moi's Bridge lenye uwanja wa nyasi, na rubani mmoja mstaafu akakubali kuijaribu. Aliruka peke yake, wiki baada ya wiki, kwa sababu sheria haikuruhusu abiria mpaka saa fulani za kuruka zitimie. Kila alipopanda nilijificha nyuma ya tela nikaziba masikio. Kila aliposhuka mama aliulizia bolti, hakuulizia upepo.

Siku ya abiria ilipofika, mama alivaa sweta mbili na kilemba alichokikaza mpaka nyusi zikavutika. Alipanda. Sikulia. Nilimshika Barasa mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Ndege ikakimbia, nyasi zikalala, magurudumu yakaruka mara moja, mara ya pili, kisha hayakurudi chini. Ikaelekea mtoni, ikawa ndogo juu ya miti ya Nzoia. Sauti ikapungua ikawa kama ya nyuki. Halafu sikuisikia tena.

"Iko," Barasa akasema. "Ni upepo tu umegeuka. Iko."

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilijua kila tone la rangi nyekundu lilipo ndani ya ile ndege, na niliyapitia yote kichwani, moja moja, kutoka mkiani, nikauliza kila moja kama nilikuwa nimesikia ndiyo mbili. Nilikuwa nimefika kwenye bawa la kushoto Barasa aliponibana vidole.

Ilitua ikidundadunda. Mama alishuka, akatembea hatua nne, akapiga magoti akatapika kwenye nyasi. Barasa alimkimbilia na chupa ya maji.

"Shemeji! Umeona nini huko?"

Mama alisukutua, akatema, akajifuta kwa ncha ya kilemba. "Nimeona mapaa ya watu," akasema. "Nusu yake yana kutu." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, kile ambacho hakuwa amelia siku zote zile, na sisi tukasimama tu, rubani ameshika kofia yake kama mtu aliye msibani.

Alipotulia alinitazama. Nadhani aliona jinsi nilivyoitazama ndege, kwa sababu hakuniuliza kama nataka. Alininyanyua, akanikalisha kwenye kiti chenye joto lake bado, akaniwekea mto wa magunia chini ili nione nje. Akanifunga mkanda. Akauvuta mara moja, akauvuta mara ya pili.

"Barasa," akaita. "Kagua."

Barasa akaja, akaingiza vidole viwili chini ya mkanda, akavuta kwa nguvu mpaka nikayumba. "Ndiyo," akasema.

"Ndiyo," mama akasema.

Tulipoanza kukimbia, mimi na rubani, niligeuka. Mama alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, mikono miwili juu ya kichwa, midomo inatembea bila sauti. Nikampungia. Hakunipungia. Alikuwa akitazama mkia.